Maswali Aliyokataa Kuuliza Mdogo Wangu

Mbuzi aliyetufikisha mahakamani hakuwa hata wa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa wa shemeji yake wa Kibondo, amewekwa kwake atunzwe, kama watu wetu walivyozoea kuwekeana mifugo. Utaratibu wake ulikuwa unajulikana na kila mtu. Mnyama wa watu akifa mikononi mwako, unaonyesha ngozi. Akiibwa, unaonyesha mwizi. Akipotea tu, bila ngozi wala mwizi, unalipa, na ukoo wa mkeo unapata la kusimulia mpaka siku unazikwa.

Mbuzi huyo alipotea mwezi wa kwanza, wa mwaka uliofuata operesheni. Serikali ilikuwa imetutoa vilimani na kutushusha kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Kasulu, nyumba zimepangwa mstari mnyoofu kama migomba ya shamba la misheni. Katika kuhama kule vilipotea vitu vingi. Vyungu vilipotea, kuku walipotea, na bibi mmoja wa jirani yetu aliteremshwa kwenye lori kijiji kisicho chake, akakaa huko wiki nzima akilishwa vizuri, na alipofuatwa alinuna. Mbuzi kupotea kusingemshangaza mtu. Lakini balozi alihitaji ngozi au mwizi, na ngozi hakuwa nayo.

Mwizi akawa mdogo wangu.

Mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikaacha shule nikiwa darasa la tano ili nipike, nilime na kuamua nani avae shati la nani. Wadogo zangu walikuwa watatu. Huyu aliyenifuata wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, mwenye kusema polepole kiasi kwamba ukimwuliza jambo unaweza kukoleza moto kwanza ndipo upate jibu. Siku ile ya gulio mbuzi alipopotea, kijiji kizima kilikwenda gulioni. Yeye alibaki nyumbani peke yake na homa, amejifunika blanketi. Balozi alipotafuta mtu ambaye hakuna aliyemwona siku hiyo, hakupata taabu.

Mgambo wawili walikuja kumchukua na baiskeli moja. Waliomba maji ya kunywa kwanza. Mdogo wangu aliwaletea mwenyewe, akawaletea na kigoda, kisha wakamkamata.

Nilimfuata kituoni Kasulu na chakula. Mkuu wa zamu, sajini mwenye kitambi, aliniuliza nani mwenye nyumba wetu ili azungumze naye habari za dhamana.

"Mimi, afande."

"Nauliza mwanamume."

"Mwanamume wa nyumba yetu ndiye huyo mliyemfungia humo ndani."

Akaniambia nirudi nikalete mtu mzima. Sikurudi. Nilikaa kwenye benchi la nje siku mbili, nikimwamkia kila apitapo, asubuhi, mchana na jioni, kwa adabu zote nilizofundishwa. Siku ya tatu hakungoja nimwamkie. Alileta karatasi mwenyewe, akanionyesha pa kuweka saini, akasema, "Siku ya kesi asipofika, nitakufunga wewe, na huko ndani utaniamkia mpaka uchoke."

Karani wa mahakama ya mwanzo alikuwa mtu wa kwetu, mwembamba, kalamu daima sikioni. Yeye ndiye aliyenieleza kesi inavyokwenda. Kwenye mahakama ile hakuna wakili, mshtakiwa anajisemea. Balozi ataleta mashahidi, na kila shahidi akimaliza, hakimu atamwuliza mdogo wangu kama ana swali.

"Hapo ndipo penyewe, dada," karani akasema. "Ni haki yake, hakuna wa kumnyima. Lakini wengi wakiulizwa husema 'sina', wanakwenda jela na maswali yao tumboni."

Nikanunua daftari. Habari za mashahidi hazikuwa siri, maana balozi mwenyewe alizitangaza kilabuni. Walikuwa wawili: yeye, na mzee mmoja wa ukoo mkubwa, mtu wa mvi na fimbo, aliyesimamia mazishi ya baba yetu. Huyo mzee alikuwa na ushahidi wake tayari, na kila aliyeusikia alinisimulia: siku ya gulio alikuwa amekaa mlangoni kwake anasuka kikapu, akamwona mdogo wangu anavuka bonde na mbuzi mabegani.

Niliandika maswali saba. Ulikuwa umekaa wapi, jua lilikuwa limeelekea wapi, mbuzi alikuwa na rangi gani, ulinipigia kelele au ulinyamaza, na kama ulinyamaza, kwa nini. Nilijivunia hasa lile la saba. Kisha nikajifunga shuka begani, nikashika mwiko badala ya fimbo, nikakaa kigodani niwe mzee, ili mdogo wangu ajifunze kuniuliza.

Alisimama mbele yangu.

"Uliza," nikasema.

"Dada, mzee yule alimzika baba."

"Najua. Uliza."

"Nimwambie 'ulikuwa umekaa wapi', hivi hivi? Kama namkamata?"

"Yeye ndiye anakukamata wewe. Huko si nyumbani, ni mahakamani."

"Na huko mahakamani atakuwa mzee yule yule."

Wadogo zetu wawili walicheka mpaka wakatoka nje. Nilijaribu kwa wiki mbili. Nilimtishia, nikambembeleza, nikamnyima kisamvu. Alikariri maswali yote saba kichwani bila kukosea, ila yakimfikia mdomoni yaligeuka kikohozi.

Wakati huohuo watu walianza kuja kunisaidia. Sikuwa nimejua kwamba shahidi ni kitu ambacho jirani anaweza kukuazima kama jembe. Mama mmoja wa mstari wa pili alisema yuko tayari kuapa kwamba mdogo wangu alishinda kwake siku ile akipukuchua mahindi. Fundi baiskeli aliniuliza, kwa sauti ya fundi anayepima, "Unataka saa ngapi mpaka saa ngapi?" Wote walikuwa watu wema. Waliamini hakuiba, na waliona ukweli huo unahitaji tu kuvishwa nguo kidogo.

Aliyekuja na nguo nyingi zaidi alikuwa shangazi yetu wa Kibondo. Alishuka kwenye lori la chumvi siku moja kabla ya kesi, na kapu, na mwavuli, na vitenge viwili vipya vya kutolea ushahidi, hajaamua avae kipi.

"Alikuwa kwangu Kibondo," akatangaza kabla hajakaa. "Alinipasulia kuni."

"Shangazi, hajafika kwako tangu mama afe."

"Ndiyo maana nilifurahi sana alipokuja."

"Alikuwa hapa, anaumwa homa."

"Homa aliitoa kwangu. Nilimkanda." Akamgeukia mdogo wangu. "Baba, unakumbuka nilivyokukanda?"

Mdogo wangu alinitazama, akamtazama shangazi, akasema kwa heshima zote, "Hapana, shangazi."

Nakiri kwamba nilitamani. Wao walikuwa wawili, sisi hatuna hata mmoja, na shangazi alipokuwa anasimulia zile kuni mimi mwenyewe nilianza kusikia shoka. Kilichonizuia kwanza kabisa hakikuwa utakatifu. Nilimjua mdogo wangu. Alikuwa hawezi kuficha hata kwamba amelamba sukari. Angeulizwa swali moja tu la Kibondo angeanguka na shangazi pamoja. Halafu nilifikiri pia kwamba kama sisi tunaleta waongo na wao wanaleta waongo, hakimu atachukua waongo walio bora, na wa balozi walikuwa na mvi. Nikamwambia shangazi, "Utakuja, utakaa, utatuombea. Hutasema." Alikula ugali wake amenipa mgongo.

Chumba cha mahakama kilikuwa na madirisha mawili na watu wa kujaza vyumba vinne. Hakimu alitoka mbali, upande wa pwani, mtu nadhifu, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Kiha hakukijua, kwa hiyo mtu akisema Kiha karani alimtafsiria. Pembeni yake waliketi wazee wawili wa mahakama, ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza naye na kutoa maoni.

Balozi alisema ya kwake vizuri, amevaa koti. Mbuzi aliibwa siku ya gulio, mtuhumiwa hakuwepo gulioni, na mzee ataeleza alichokiona. Hakimu akamwuliza mdogo wangu, "Una haki ya kumwuliza shahidi huyu. Una swali?"

"Sina, Ndugu Hakimu."

Nilishika kichwa. Karani alinitazama juu ya karatasi zake kama mtu anayeona mvua inalowesha nguo za mwenzake.

Mzee akaitwa, akaapa, akatoa ushahidi wake kwa Kiha, neno kwa neno kama nilivyousikia. Alikuwa mlangoni kwake, kule kilimani, anasuka kikapu. Bonde lote liko chini yake. Akamwona huyu, mtoto wa marehemu fulani, anavuka kijito na mbuzi mabegani. Watu nyuma yangu waliguna. Ulikuwa ushahidi mzuri, nami nilijua kwamba mlango ule kweli ulitazama bonde, maana tukiwa wadogo tulikuwa tunateka maji hapo chini na mzee alikuwa anatukemea kutoka juu.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Mdogo wangu alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimefungua daftari mapajani, kidole changu kiko kwenye lile la saba. Kisha akainama kidogo, akakutanisha viganja, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu ya kumwamkia mkubwa.

"Anafanya nini?" hakimu akauliza.

"Anamwamkia shahidi, Mheshimiwa," karani akasema.

"Kwa nini?"

Mzee mmoja wa mahakama akamnong'oneza hakimu kwa Kiswahili ambacho sote tulikisikia: "Hawezi kumwuliza mzee swali hajamwamkia. Itakuwa matusi."

"Haya. Amwamkie upesi."

Kwetu hakuna kuamkia upesi. Mzee naye, alipoona viganja vile, aliiweka fimbo begani na kupokea, maana mkubwa akiamkiwa namna ile haachi kuitika, hata angekuwa anakufunga. Karani akawa anatafsiri, kichwa kinakwenda huku na huku.

"Anauliza kama ameamka salama. Shahidi anasema ameamka. Anauliza kama wa nyumbani wameamka. Shahidi anasema wameamka, ila mguu wa mama watoto. Anaupa pole mguu. Shahidi anashukuru."

"Yote hayo niandike?" hakimu akauliza.

"Ni juu yako mwenyewe, Mheshimiwa," karani akasema.

Hakimu aliandika. Nadhani alikuwa mtu wa kufuata utaratibu kwa kila jambo, na Mungu ambariki.

"Anauliza wajukuu. Wako salama. Anauliza migomba. Migomba haijashika, ardhi ya huku chini ngeni. Anauliza kama nyumba mpya inakalika."

Hapo uso wa mzee ulibadilika. Hakuna mtu kijijini aliyeweza kuulizwa habari za nyumba mpya akajibu kwa neno moja. Alivuta kigoda mbele, akasahau alipo, akalalamika kwa moyo wake wote, huku mdogo wangu akipiga makofi ya kumsikitikia. Karani alikuwa anafukuzana naye:

"Shahidi anasema hakuna nyumba pale. Anasema inavuja. Anasema tangu walipobomoa ile ya kilimani, kabla ya mvua za kupandia, hajalala usingizi. Mlango mzuri aliouchonga babu yake waliutia motoni. Anasema kule juu hajakanyaga tena hata siku moja, kwa sababu akipaona atalia."

Kalamu ya hakimu ikasimama. Mdogo wangu alimaliza kofi lake la mwisho, akamwambia mzee pole, kisha akamgeukia hakimu.

"Sina swali, Ndugu Hakimu," akasema.

Hakimu alirudisha kurasa nyuma polepole. "Mzee," akasema, "mbuzi aliibwa mwezi wa kwanza. Mvua za kupandia ni mwezi gani?"

Mzee alisema ni wa kumi. Kisha nikaona ukweli unampanda usoni kama mtu aliyekumbuka ameacha maharage jikoni. Alijaribu kusema pengine mlango mmoja ulibaki. Pengine nyumba yake ilibomolewa baadaye kidogo kuliko za wengine.

Hakimu akamwita balozi arudi mbele. "Wewe ndiye uliyesimamia nyumba kumi hizo kuhama. Ya mzee huyu ilibomolewa lini?"

Nimeshuhudia watu wengi wakibanwa maishani, lakini sijaona tena kubanwa kama kule. Kila mtu mle ndani alijua kwamba balozi wetu alipeleka taarifa wilayani kuwa nyumba zake zote zimehama kabla ya mvua, za kwanza katika kata, na kwa taarifa hiyo alipongezwa mkutanoni, akapewa na koti, lile lile alilolivaa siku hiyo. Akisema nyumba ya mzee ilikuwepo mwezi wa kwanza, anamwokoa shahidi na kujitangaza mwongo kwa serikali. Akisema haikuwepo, shahidi hana mlango wa kukaa.

Alilivuta lile koti kifuani.

"Watu wangu wote walihama kwa wakati, Ndugu Hakimu," akasema.

Chumba kizima kilicheka, hata sajini mlangoni. Hakimu alisubiri kicheko kiishe, akamwambia mdogo wangu kwamba sasa ni zamu yake: anaweza kujitetea, anaweza kunyamaza, na kama ana mashahidi awalete.

Kando yangu nilisikia kitenge kipya kikichakarisha. Shangazi alikuwa anasimama. Mwavuli mkononi, kifua mbele, kinywa kimeshafunguka, na ndani ya kinywa hicho nilijua kuna Kibondo nzima, na kuni, na kukandwa. Mlango mmoja wa uongo umetuokoa, na sasa anatuletea mwingine. Sikuwa na muda wa adabu. Nilishika pindo la kitenge kwa mikono miwili nikavuta. Akakaa ghafla, juu ya daftari langu na sehemu ya mama wa mstari wa pili.

"Huyo anataka nini?" hakimu akauliza.

"Anaumwa mgongo, Mheshimiwa," nikasema, na huo ndio uongo pekee tuliopeleka mahakamani.

Mdogo wangu alijitetea kwa maneno machache, kila moja kwa wakati wake. Alikuwa nyumbani. Alikuwa na homa. Alikuwa peke yake. Hana shahidi. Mbuzi hakumwona. Niliitwa nikaulizwa kama nilikuwa naye, nikasema hapana, nilikuwa gulioni. Nilimwacha amelala na niliporudi nilimkuta amelala. Ulimi ulikuwa mzito kusema lile hapana. Sikujua lingemtoa au lingemfunga.

Wazee wa mahakama walitoa maoni yao. Wa kwanza alisema mtu hawezi kuona kitu akiwa kwenye mlango ambao haupo. Wa pili alisema anakubaliana, na akaongeza kwamba kijana ana malezi mazuri, jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Hakimu akasema mashtaka hayakuthibitishwa na mshtakiwa yuko huru. Halafu akamgeukia mzee, akaanza kumweleza kwamba kuapa uongo nako ni kosa la jinai, tena lina kifungo chake. Fimbo ya mzee ilianza kugonga sakafu yenyewe.

Mdogo wangu, ambaye tayari alikuwa huru na angeweza kuondoka, akanyoosha mkono.

"Ndugu Hakimu, naomba asifungwe. Mguu wa mama watoto haujapona."

Ningemnyonga. Hakimu akasema hilo halimhusu mshtakiwa, kisha akamwonya mzee kwa maneno makali na kumwambia aende.

Nje tulikuta balozi ameshaondoka na baiskeli aliyomleta nayo mzee. Kutoka mjini mpaka kijijini ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye miguu mizima, na mzee alikuwa na miaka yake. Hakuna aliyejadili. Mdogo wangu alimchukulia kapu na tukaongozana naye wanne, mimi nikiwa bado na hasira, shangazi akiwa na hasira zaidi, maana alikuwa ametoka Kibondo na kitenge kipya bila kusema hata neno.

Tulipofika daraja la kwanza shangazi alishindwa kuvumilia. Akamweleza mzee ushahidi wake wote, tangu kuni mpaka kukandwa. Mzee alisikiliza kwa makini, akitembea taratibu.

"Kuni za mti gani?" akauliza.

"Kuni tu."

"Hapo wangekubana, mama. Mimi nilishika kikapu, nilishika bonde, nilishika jua. Sikufikiria mlango."

"Ulivyosema vizuri, nami niliona kabisa huyo mbuzi," shangazi akasema, hasira imeanza kumtoka.

"Balozi aliniahidi kiwanja karibu na bomba la maji," mzee akasema. "Sasa sitakipata."

"Kwetu Kibondo bomba halina maji," shangazi akamfariji.

Waliendelea hivyo nyuma yetu, wakirekebishana, kama mafundi wawili waliokutana njiani. Mdogo wangu alikuwa mbele na kapu la mtu aliyetaka kumfunga, anapita mashamba ya watu akitazama mihogo ya kila mmoja, ambayo wiki hizo mbili hakuwa ameinua kichwa kuitazama. Palipopanda kilima aliongeza mwendo. Nilitaka kumwambia atusubiri, kuna mzee, kisha nikamwacha aende.